Windows, Linux au wingu: uanzie wapi usimamizi wa mifumo ya kompyuta

Matangazo ya ajira huandika "Afisa TEHAMA (Mifumo)" au "Msimamizi wa Mifumo" kana kwamba ni kazi moja. Ukishaingia ofisini unakuta ni kazi tatu zilizopewa jina moja. Ya kwanza ni kutunza watumiaji na kompyuta zao ndani ya domeini ya Windows, yaani kundi la watumiaji na kompyuta linalosimamiwa kutoka seva kuu. Ya pili ni kutunza seva za Linux zinazobeba tovuti, hifadhidata na mifumo ya taasisi. Ya tatu ni kusimamia seva zisizo zako, zilizoko kwenye wingu la Microsoft, Amazon au Google. Ofisi nyingi za kwetu humtaka mtu mmoja afanye zote tatu kwa mshahara mmoja, lakini anayejaribu kuzisoma zote kwa mpigo huishia kujua majina ya vitu bila kuweza kuvitengeneza vikiharibika.

Tuweke msimamo wetu mezani mapema, ili anayebisha ajue anabisha nini. Kwa Tanzania na Kenya, Windows hukupa ajira ya kwanza haraka zaidi, na Linux ndiyo hukutoa hapo ikakupandisha. Wingu lije baadaye, hata kama video za mtandaoni zinakuahidi kazi baada ya miezi mitatu.

Windows: kazi ya kutunza watu

Moyo wa upande huu ni Active Directory, orodha kuu ya watumiaji, kompyuta na ruhusa zao, iliyoingia na Windows 2000 Server na ambayo bado inashikilia ofisi nyingi. Mchana kutwa unafungua akaunti zilizojifunga, unampa mtumishi mpya ruhusa ya folda ya idara yake, unasambaza mipangilio kwa Group Policy, unahangaika na printa. Mteja wako ana jina, ana cheo na ana namba yako ya simu. Mhasibu aliyefungiwa akaunti siku ya mishahara hana muda wa kusikiliza maelezo. Asiye na subira na watu atachoka hapa mapema, hata awe fundi kiasi gani.

Lipo tatizo moja linalokutwa karibu kila ofisi, nalo linapima vizuri kama kazi hii inakufaa. Kompyuta inagoma kujiunga na domeini, au ilijiunga zamani na sasa kuingia kunachukua dakika kumi. Anayeanza huifomati. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP: ruta ya intaneti inagawa anwani hizo kwa DHCP, utaratibu wa kuzigawa kwa kompyuta bila kuziandika kwa mkono, na pamoja nazo inagawa 8.8.8.8, anwani ya umma ya Google, kama DNS. Kompyuta inapotafuta domeini huuliza rekodi ya aina ya SRV inayotaja seva ya domeini iko wapi, na 8.8.8.8 haijui lolote kuhusu domeini ya ndani ya ofisi yako. Anza na `ipconfig /all` uangalie mstari wa DNS. Kisha andika `nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ad.mfano.co.tz`, ukiweka jina la domeini yako. Jibu likirudi bila jina la seva yako, mchawi umeshamjua.

Tiba ni kuzima DHCP ya ruta na kuiwasha kwenye seva, au kuiacha ruta igawe lakini DNS inayogawa iwe anwani ya seva ya domeini. Intaneti haitapotea, kwa sababu seva yenyewe itayapeleka nje maswali isiyoyajua. Hilo unaliweka kwenye dirisha la DNS, kichupo cha Forwarders. Wapo wanaoweka 8.8.8.8 kama DNS ya pili "kwa usalama". Hapo unapata tatizo baya kuliko la kwanza: asubuhi kila kitu kinakwenda, mchana seva inachelewa kujibu mara moja, kompyuta inahamia kwenye DNS ya pili na haina haraka ya kurudi. DNS ya pili iwe seva ya pili ya domeini, la sivyo iache wazi. Na domeini mpya usiipe mwisho wa .local, maana vifaa vingi, hasa vya Apple, hutumia mwisho huo kwa utaratibu wao wenyewe wa kutafutana kwenye mtandao. Tumia kijisehemu cha jina ulilosajili, kama ad.mfano.co.tz hapo juu.

Tatizo jingine ni la mazingira yetu hasa. Kerberos, itifaki ambayo domeini hutumia kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Kompyuta ya zamani yenye betri ya CR2032 iliyokufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na asubuhi mtumiaji anaambiwa hawezi kuingia ingawa paswedi yake ni sahihi. Betri yenyewe ni ya bei ndogo. Badilisha, kisha hakikisha seva inayobeba jukumu la PDC, yaani ile ya domeini inayoongoza kwa saa, inachukua saa kutoka nje, kwa sababu kompyuta nyingine zote hufuata yake. `w32tm /query /source` itakuambia saa inatoka wapi, na `w32tm /resync` itailazimisha isahihishwe.

Mengine tuyapite haraka. Mabadiliko ya Group Policy hufika kwenye kompyuta kila baada ya dakika 90, na nyongeza ya hadi 30, kwa hiyo kabla ya kusema "haifanyi kazi" tumia `gpupdate /force` na uangalie matokeo kwa `gpresult /r`. Ruhusa za folda ziko tabaka mbili, za kushirikisha folda kwenye mtandao na za NTFS, yaani za diski yenyewe, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Seva ya domeini ya tawi iliyozimwa zaidi ya siku 180 usiirudishe mtandaoni, kwa sababu itafufua vitu vilivyofutwa makao makuu. Iondoe kwenye orodha uiunde upya. Na masasisho ya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya Marekani. Wenye busara huyajaribu kwenye kompyuta chache kwanza, seva zikafuata wikendi.

Leseni ndipo bosi anapokunja uso. Windows Server Standard huuzwa kwa kiini cha prosesa, na hata seva yako ikiwa ndogo namna gani utanunua angalau viini 16. Juu ya hapo kila mtumiaji au kila kifaa kinahitaji leseni ya kuifikia seva, inayoitwa CAL. Leseni moja ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu zinazokaa ndani ya seva moja. Ofisi nyingi hukimbilia kraki, na programu hizo za kuamsha Windows kwa wizi ni miongoni mwa njia ambazo virusi vya kufunga mafaili huingilia. Ukikuta seva ya ofisi imeamshwa hivyo, liandike kwa barua na ubaki na nakala, maana siku ya msiba ataulizwa aliyekuwa zamu.

Linux: kazi ya kutunza mashine

Hapa simu hazipigwi kwa wingi, lakini ikipigwa moja ujue mfumo mzima umelala. Mtu wa Linux hukaa kwenye terminali, anaingia kwa SSH (njia salama ya kuifikia seva kwa mbali) kwenye seva ambayo pengine hajawahi kuiona kwa macho, anasoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo. Kama unapenda kujua kwa nini kitu kimeharibika kabla ya kukitengeneza, utapapenda. Anayetaka kubofya tu atateseka.

Tatizo la kupimia upande huu ni diski kujaa. Mfumo wa hospitali unagoma kuhifadhi, hifadhidata inakataa kuandika, na logi inasema `No space left on device`. Unaandika `df -h`, unaona /var imefika asilimia 100. Unashuka hatua kwa hatua kwa `du -xsh /var/* | sort -h`, unakuta logi moja ya GB 40, unaifuta kwa `rm`. Unarudia `df -h`, bado 100. Hapa ndipo wengi huanza kufuta vitu visivyopaswa kufutwa.

Faili limefutwa jina, lakini programu iliyokuwa ikiandika ndani yake bado imelishikilia, na Linux haiachii nafasi hadi programu hiyo ilifunge. `lsof +L1` itakuonyesha mafaili yaliyofutwa na programu iliyoyashika. Iwashe upya hiyo programu kwa `systemctl restart` na nafasi itarudi papo hapo. Mara ijayo logi inayoandikwa usiifute, ifupishe: `truncate -s 0 /var/log/jina.log`. Kisha tafuta kwa nini `logrotate` haikuizungusha, vinginevyo mwezi ujao utarudi palepale. Na kama `df -h` inaonyesha nafasi tele lakini seva bado inalalamika, andika `df -i`. Inawezekana inodi, nafasi za kuorodhesha mafaili, zimeisha: kuna folda yenye mamilioni ya mafaili madogo, mara nyingi ya vipindi vya PHP au foleni ya barua pepe zilizokwama.

Kuna na makosa yanayokufungia nje ya seva yako mwenyewe, na seva ikiwa Nairobi nawe uko Kisumu, hilo ni tatizo la usafiri. Ukiwasha ukuta wa ulinzi kwa `ufw enable` kabla ya `ufw allow OpenSSH`, umejifungia. Ukibadilisha mipangilio ya SSH, pima kwanza kwa `sshd -t`, iache ile terminali uliyomo wazi, fungua ya pili ujaribu kuingia. Ikikubali ndipo ufunge ya kwanza. Mstari mmoja uliokosewa kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kuunganishwa wakati wa kuwaka, unaweza kuizuia seva isiwake kabisa, ikabaki kwenye hali ya dharura ikingoja mtu aje na kibodi. Kabla ya kuiwasha upya, endesha `findmnt --verify` na `mount -a`, na diski zisizo za lazima wakati wa kuwaka ziwekee `nofail`.

Upande wa RHEL, Linux ya kulipia ya Red Hat, na jamaa zake kuna SELinux, tabaka la ulinzi juu ya ruhusa za kawaida za mafaili. Tovuti ikitoa kosa la 403 ilhali ruhusa za mafaili ni sawa, tazama lebo kwa `ls -Z`, kisha `restorecon -Rv /var/www/html`. Maelekezo mengi mtandaoni yatakuambia uizime SELinux. Ukiizima kwenye usaili wa benki, umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Leseni si kikwazo, ila chagua kwa kutazama muda wa matunzo. Ubuntu za LTS (za matunzo ya muda mrefu) hutoka kila baada ya miaka miwili, Aprili, na hutunzwa miaka 5. Waliotegemea CentOS, jamaa wa bure wa RHEL, waliumia: toleo la 8 lilikatishwa tarehe 31 Desemba 2021, na la 7 likaisha tarehe 30 Juni 2024. Wengi walihamia AlmaLinux au Rocky Linux. Bado kuna seva za CentOS 7 zinazoendelea kufanya kazi bila masasisho, na anayejua kuzihamisha salama ana kazi ya kufanya.

Wingu, kwa ufupi

Kazi ya wingu ni ileile ya Windows, Linux na mitandao, ikiongezewa bili. Ndiyo maana hatushauri uanzie hapo. Usiyejua DNS ya ofisini hutaijua kwa sababu imehamia kwenye kivinjari, na asiyejua kugawa anwani za IP atapotea kwenye ukurasa wa kwanza wa kuunda mtandao pepe.

Bili ndiyo inayowaumiza wanaojifunza. Ukiizima mashine pepe, diski yake inaendelea kutozwa. Tangu Februari 2024 Amazon wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, hata ikiwa inatumika, ambayo ni kama dola 3.6 kwa mwezi kabla hujafanya chochote. Kabla ya kuunda mashine ya kwanza, weka tahadhari ya bajeti ya dola 5, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, na usiache bandari 22 (ya SSH) au 3389 (ya kuingia Windows kwa mbali) wazi kwa dunia nzima. Kwa malipo, kadi ya Visa ya mtandaoni inayotokana na pesa za simu, pale inapokubaliwa, ina faida moja: haiwezi kukatwa zaidi ya ulichoweka, ingawa deni linabaki kwenye akaunti.

Pia kuna suala la mahali. Vituo vya karibu vya makampuni haya makubwa viko Afrika Kusini: Azure huko Johannesburg tangu 2019, Amazon huko Cape Town tangu 2020. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima. Ofisi zilizoweka kila kitu nje zilikaa zikitazama kioo, zenye seva ndani ziliendelea kuchapa na kufungua mafaili. Halafu iko sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Zote mbili zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Msimamizi wa mifumo anayehamisha rekodi za wagonjwa kwenda wingu bila kuuliza anaiweka taasisi pabaya.

Yanayokukuta popote utakapokwenda

Umeme na nakala rudufu havichagui upande. UPS iliyoandikwa 1500 VA mara nyingi hutoa kama wati 900 tu, kwa hiyo soma wati, usisome VA. Betri zake za risasi, zile za volti 12, huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, na kwenye chumba chenye joto huchoka mapema zaidi. Unganisha kebo ya USB kutoka UPS hadi seva, sakinisha programu ya kuzima (kwa Linux ni NUT), ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha. UPS bila kebo hiyo inaahirisha tu kuzimika kwa ghafla.

RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si nakala rudufu. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Weka nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo, na mojawapo isiwe inafikika kutoka kwenye mtandao wa kawaida, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili huanza kwa kutafuta nakala. Kila mwezi chagua faili moja na hifadhidata moja uzirejeshe kwenye mashine ya majaribio. Ni kazi ya saa moja ambayo karibu hakuna anayeifanya.

Maabara ya nyumbani: gharama ndipo zinapotofautiana

Kwa Linux, laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha. Mashine pepe tatu za GB 1 kila moja, diski ya GB 20 kila moja, na umeshapata seva ya tovuti, ya hifadhidata na ya kufanyia majaribio. Debian ya kusakinishia kwa mtandao ina chini ya GB 1, jambo la maana ukiwa unanunua bando.

Kwa Windows tafuta GB 16 na SSD ya GB 500. Kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika hutosha, na RAM yake ni rahisi kuongeza kuliko ya laptopu. Seva ya domeini ipe GB 4 za RAM na diski ya GB 60. Mteja wa Windows 11 naye GB 4, diski GB 64 na TPM (chipu ya usalama) ya kuigiza. Faili la kusakinishia Windows Server lina kama GB 5, kwa hiyo lishushe usiku au mahali penye Wi-Fi. Toleo la majaribio hudumu siku 180, la Windows 11 Enterprise siku 90. Usijenge ofisi halisi juu ya toleo la majaribio: muda ukiisha seva hujizima kila baada ya saa moja, na ikishakuwa seva ya domeini huwezi kuibadilisha moja kwa moja kuwa toleo la kulipia.

Mitego ya siku ya kwanza ni midogo ila inapoteza jioni nzima. Mashine pepe ikikataa kuwaka, ingia BIOS uwashe VT-x au AMD-V, uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe. Kama VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, inatambaa na kuonyesha alama ya kobe, Hyper-V, ya Microsoft ya kazi hiyohiyo, imewaka kwenye Windows yako na inaishikilia prosesa. Wakati wa kusakinisha Windows Server chagua toleo lenye maneno Desktop Experience, la sivyo utapata dirisha jeusi lisilo na menyu. Na DHCP yako ya mazoezi iweke kwenye mtandao wa ndani wa VirtualBox, usije ukawakatia wenzako nyumbani intaneti.

Chochote utakachochagua, jifunze kufanya kazi kwa skripti tangu mwanzo. Upande wa Windows, weka majina ya wanafunzi wapya kwenye faili la CSV, lisome kwa `Import-Csv` na uunde akaunti zote kwa `New-ADUser`. Upande wa Linux, anza na Bash, kisha Ansible, chombo cha kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Anayebofya akaunti 200 moja moja hukosea ya 37 na hajui.

Vyeti

Ukikutana na tangazo linalodai MCSE, aliyeliandika amenakili la zamani: Microsoft walivifuta MCSA na MCSE tarehe 31 Januari 2021. Sasa kwa Windows Server kuna mitihani ya AZ-800 na AZ-801, na kwa wingu lao AZ-104. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000. Vyeti hivi huisha baada ya mwaka mmoja, lakini kuvihuisha ni bure, mtandaoni, ukiwa nyumbani.

Linux ina njia mbili. LPIC-1 ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, na cheti hudumu miaka 5. RHCSA, cheti cha Red Hat, ni mtihani wa vitendo mtupu: unapewa mashine na orodha ya kazi, kama kupata tena paswedi ya root, kupanua diski kwa LVM na kurekebisha SELinux, na unahitaji alama 210 kati ya 300. Wengi huangukia sehemu moja. Walichokifanya kinafanya kazi hadi mashine iwashwe upya, na msahihishaji huiwasha upya. RHCSA ni ghali, karibu dola 500 kwa bei ya Marekani, lakini mwajiri anayeijua anajua haikupatikana kwa kukariri. Kati ya vyeti vyote hapa, ndicho tungelipia kwanza kama fedha ingekuwa ya cheti kimoja. Kwa mazoezi, Red Hat hutoa usajili wa bure kwa mtu binafsi, hadi mashine 16.

Mtihani ukiweza ufanyie kwenye kituo, usiufanyie nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya mtihani wa mtandaoni, kujieleza kwa msimamizi aliyeko nchi nyingine ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe.

Nani anaajiri nani

Mashirika yasiyo ya kiserikali, hoteli, shule binafsi, kampuni za biashara na ofisi nyingi za serikali huhitaji mtu wa Windows, na mara nyingi barua pepe zao ziko Microsoft 365 au Google Workspace. Tanzania, nafasi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira. Shahada huwa sharti, na usaili huweza kuwa wa mchujo, wa vitendo kisha wa mahojiano. Tangu Windows 10 ilipoachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zenye kompyuta zisizokubali Windows 11 zinahitaji mtu wa kupanga mbadala, na hiyo ni kazi ya mtu wa Windows.

Watoa huduma za intaneti, kampuni za simu, benki, vyuo vikuu na sekta ya afya huhitaji Linux. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, unakaa juu ya Java na PostgreSQL. KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS. Moodle ya vyuo na Koha ya maktaba navyo makao yake ya kawaida ni Linux. Anayejua kuhamisha PostgreSQL kutoka seva moja hadi nyingine bila kupoteza rekodi hakai muda mrefu bila kazi. Kwa watoa huduma wadogo wa intaneti ongeza ruta za MikroTik, kwa sababu utazikuta.

Chagua kwa hali yako

Una diploma, unahitaji mshahara ndani ya mwaka, na watu hawakuchoshi: anza na Windows, miezi sita, lakini kila wiki tenga siku moja ya Linux. Una shahada ya kompyuta, unajua kuandika programu kidogo, na unaweza kusubiri: anza na Linux, lenga RHCSA au LPIC-1. Una kompyuta ya GB 4 tu: Linux bila mjadala, Windows itakutesa bure. Umeshakaa miaka miwili upande mmoja: sasa wingu, na unachokijua tayari ndicho kitakachofanya AZ-104 isomeke.

Ukiitwa kwenye usaili wa vitendo kabla hujawa tayari, una wiki mbili tu, fanyia mazoezi haya hadi mikono iyajue: kujiunga na domeini na kueleza DNS inahusikaje, kutoa ruhusa za folda kwa kundi badala ya mtu mmoja mmoja, kugawanya 192.168.10.0/24 kuwa mitandao minne ya anwani 62 kila mmoja. Kusoma `journalctl -u` ya huduma iliyoanguka. Na kurejesha faili kutoka kwenye nakala huku mtu amesimama nyuma yako.